Namba na Jina Vithibitishane



Kila kompyuta iliyomo kwenye intaneti hutambulika kwa namba, iitwayo anwani ya IP. Jina hutupeleka kwenye namba. Namba nayo yaweza kuulizwa jina lake. Hapo ndipo hadaa hupenya, kwa kuwa jibu hilo huandikwa na mwenye namba, naye aweza kuandika jina lolote, hata la benki yenu.

Mgeni akidai kuwa ni mtu wa Kidia, wazee hawatosheki na kauli yake, huuliza Kidia. Vivyo hivyo, tunawashauri mafundi wa vyama vyenu vya ushirika: mkipata jina kutokana na namba, liulizeni jina hilo namba yake. Visipolingana, jina hilo lisiaminiwe. Vikilingana, lisomeni herufi kwa herufi, maana jina la kweli laweza kuwa la tapeli mwenyewe.

Fedha ya kahawa ni jasho la mwaka mzima. Barua pepe ikiwataka mbadili akaunti ya malipo, pigeni simu kwanza, kwa namba mliyokuwa nayo tangu awali.