Mkimbiaji katika Shule ya Bweni
(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kilimani, Nairobi)



Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya maisha ya shule ya bweni, kwa kuwa mimi niliingia katika shule ya namna hiyo kwa nguvu za miguu yangu, nikatoka kwa nguvu za mifuko yenu. Wengi wenu mnanijua kama karani aandikaye kumbukumbu za mikutano hii. Wachache tu wenye mvi ndio wanaokumbuka kwamba hapo zamani nilikuwa mkimbiaji. Sitawachosha kwa maneno mengi. Nina habari ya kueleza, na mwisho wake nina ombi.

Marehemu baba yangu alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja hapa Kilimani, si mbali na barabara ya Argwings Kodhek. Wazee mnajua kwamba katika zama za ukoloni mtaa huu ulitengwa kwa Wazungu, na Mwafrika aliyelala hapa alilala katika chumba cha watumishi nyuma ya nyumba ya bwana wake. Baba hakuzikuta siku hizo, lakini chumba alikikuta. Mama na sisi watoto tulikaa mashambani, naye baba alituona kila alipopata nauli.

Nilipokuwa darasa la nane, mwalimu wa michezo wa shule moja ya misheni aliniona nikikimbia mita 800 katika mashindano ya wilaya. Alama zangu katika mtihani wa darasa hilo, uliokuwapo wakati huo, zilikuwa za wastani tu. Hata hivyo, mwaka 2004 nikapokewa Kidato cha Kwanza. Shule ilikubali kusamehe nusu ya karo kwa ajili ya mbio, na nusu ya pili ikalipwa na baba pamoja na mfuko wa chama hiki. Serikali ilikuwa imeondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003, lakini haikuanza kulipia masomo ya sekondari mpaka mwaka 2008, nami nilimaliza mwaka 2007. Tena hata msaada huo wa serikali ulipokuja, chakula na kitanda cha bweni vilibaki juu ya mzazi.

Basi nikaenda na sanduku langu la chuma, ndani yake blanketi, sabuni, madaftari na kifuko cha sukari. Kengele ililia saa kumi na nusu alfajiri. Wengine walikwenda kujisomea, nasi wakimbiaji tulikwenda barabarani gizani, tukarudi kuoga maji ya baridi, kisha uji, kisha darasani. Chakula cha mchana kilikuwa githeri, na cha jioni ugali na sukuma wiki. Wakimbiaji tulipewa kikombe cha maziwa zaidi ya wenzetu, na kwa kikombe hicho tulichukiwa sana.

Sitaficha mabaya yake. Mwanafunzi mgeni aliwafulia nguo wakubwa wake, akanyang'anywa sukari yake, na akilia usiku alichekwa. Lakini mema yalikuwapo pia, na hayo sijayasahau. Nililala baina ya wavulana wawili ambao lugha za mama zao sikuzijua hata neno moja, na kabla ya mwaka kwisha tuligawana sabuni kama ndugu. Nilijifunza kufika kwa wakati. Nilijifunza kushindwa mbele ya watu wengi, kisha kumpa mkono aliyenishinda.

Aliyenishinda mara nyingi alikuwa mvulana wa bweni letu. Jina lake nitaliacha. Alikuwa mtoto wa mjane, naye alisamehewa nusu ya karo kama mimi. Sisi wawili tulikuwa na jozi moja tu ya viatu vya mbio, vile vyenye misumari chini, ambavyo mwalimu alitununulia. Yeye alivivaa katika mita 400, akavivua kandokando ya uwanja, akanipa vingali na joto la miguu yake, nami nikavivaa kwa mita 800.

Tulipokuwa Kidato cha Pili aliumia goti. Muhula uliofuata mama yake alipata barua ya kwamba msamaha wa karo ni wa wakimbiaji, naye hakimbii tena. Akarudishwa nyumbani siku ya Alhamisi kwenda kutafuta karo. Jumamosi yake tulikuwa na mashindano ya mkoa. Nilishika nafasi yake katika mbio za kupokezana kijiti, na viatu vikawa vyangu peke yangu, bila kungoja zamu. Wazee wangu, nasema kweli mbele yenu: siku ile sikuhuzunika. Nilifurahi. Na yeye hakurudi tena.

Mwaka uliofuata, 2006, kano ya kisigino changu ilikatika. Barua ya namna ileile ikaandikwa kwa baba yangu. Baba hakuwa na pa kwenda ila hapa. Mimi ndimi nitunzaye vitabu vya chama sasa, nami nimeisoma kumbukumbu ya mkutano ule, iliyoandikwa kwa mkono wa karani aliyenitangulia. Wanachama wengine walisema, na walikuwa na haki kusema, kwamba mfuko ulitolewa kwa mkimbiaji, na sasa mkimbiaji ni kilema, hali watoto wenye alama nzuri wanangoja. Ndipo akasimama mzee mmoja, ambaye sasa ni marehemu, akauliza kama fedha zile zilitolewa kwa miguu au kwa mtoto. Jambo likapigiwa kura. Likapita kwa kura mbili.

Kwa kura mbili hizo, chama kililipa karo yangu yote mpaka mwisho. Kwa kuwa sikuwa na uwanja wa kukimbilia, nilikaa darasani, nikagundua kwamba akili yangu haikuwa ya wastani kama nilivyodhani, bali ilikuwa imechoka tu. Nikapata hati ya Kidato cha Nne, na hati hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango wa ofisi ninayofanyia kazi.

Wahenga walisema: mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nchi yetu imejaliwa wakimbiaji wakubwa, nasi twajivunia kwa haki. Lakini tuangalie pia maisha yao baada ya uwanja. Henry Rono, mwaka 1978, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State huko Marekani, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Kenya haikushiriki michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976 wala ya mwaka 1980, kwa hiyo hakupata kukimbia huko kamwe. Baadaye pombe na umaskini vilimwandama kwa miaka mingi, kama alivyoeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, mpaka alipojiinua tena. Alifariki mwaka 2024. Sisemi hayo kwa kumdharau mtu aliyekuwa mkubwa kuliko sisi sote. Nasema, ikiwa mbio za mtu kama huyo zilikuwa na ukingo, je, za mtoto wa Kidato cha Pili?

Iko mifano ya kututia moyo. Katika shule ya St. Patrick's huko Iten, Bruda Colm O'Connell alikuja kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, naye hakuwa na elimu ya kufundisha mbio. Asubuhi alishika chaki, jioni alishika saa ya kupimia mbio. Peter Rono aliyesoma hapo alishinda dhahabu ya mita 1500 huko Seoul mwaka 1988, naye alikuwa na umri wa miaka 21 na bado ni mwanafunzi wa chuo Marekani. Kipchoge Keino naye, aliyeshinda dhahabu ya mbio hizohizo huko Mexico mwaka 1968, aliwalea yatima nyumbani pamoja na mkewe, akaanzisha shule huko Eldoret. Mwaka 2016, huko Rio, akawa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Laurel ya Olimpiki. Hao walijua kwamba miguu na kitabu ni vya mtoto mmoja.

Sasa nafika kwenye ombi langu. Katika ajenda ya leo kuna pendekezo la kwamba mtoto anayesaidiwa kwa kipaji cha michezo, msaada wake ukome pale kipaji kinapokoma. Naielewa sababu yake. Mfuko wetu ni mdogo, na wanaobisha mlangoni ni wengi. Lakini nyote mnajua kwamba pendekezo hili lina uso wa mtu. Binti wa mwanachama wetu, aliyepokewa kwa mbio, yuko Kidato cha Pili na goti lake limevimba tangu muhula uliopita. Tukilipitisha leo, atarudi nyumbani kabla ya mwezi kwisha.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, mtoto tuliyemchukua tumlipie mpaka Kidato cha Nne, akimbie au asikimbie, mradi anafanya bidii darasani. Pili, kila mtoto awe na mwanachama mmoja wa kumtembelea siku ya wazazi, amuulize habari za masomo yake, mwili wake na usingizi wake, wala asiulize ushindi tu. Tatu, tutenge fungu dogo la tiba, kwa maana goti lililotibiwa mapema huenda likapona, na lililoachwa huharibu zaidi ya mbio.

Namalizia. Mwaka 2019 nilipita kando ya jengo moja katika hayo maghorofa yanayoota hapa Kilimani kila siku. Kijana mmoja aliyebeba mawe akaniita kwa jina langu la shule. Alikuwa ni yule mwenzangu, anachechemea kidogo. Alinisalimu kwa furaha, akauliza habari za wazazi wangu. Kisha akaniuliza kama vile viatu vilidumu. Nikamwambia kwamba vilipasuka mwaka uleule. Akacheka, akarudi kazini kwake, kwa maana msimamizi alikuwa akimwita.

Mvulana yule alinishinda kila tulipokimbia pamoja, na darasani pia alinipita. Kilichotutenganisha ni kwamba mimi nilikuwa na chama, yeye hakuwa nacho. Zile kura mbili ndizo zilizonileta kwenye meza hii ya karani. Nawasihi, leo zisipungue.