Si Ugonjwa wa Ngozi: Mhadhara wa Kufumba na Kufumbua

Naanza na kidokezo kimoja: "Si ugonjwa wa ngozi, ni mfalme wa porini." Herufi tano.

Nasikia tayari huko nyuma mnasema simba. Nauliza: mmejuaje? Mkinijibu kwamba mfalme wa porini ni simba, mmefika nusu ya njia. Rudini mwanzo wa sentensi. Ugonjwa wa ngozi ni mba, ule wa mabaka na unga kichwani. Litangulizieni neno si. Si, kisha mba: simba. Sasa jibu lina mashahidi wawili, mmoja wa maana na mmoja wa herufi, na kila mmoja ametoa ushahidi wake bila kumtegemea mwenzake. Sanaa ninayoizungumzia leo imesimama juu ya mashahidi hao.

Mchezo wa kujaza maneno katika miraba ulitokea New York, katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913. Aliyeutunga ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Vidokezo vyake vilitoa maana tu, kama chemshabongo tunazozijaza kwenye magazeti yetu. Ulipovuka bahari kwenda Uingereza ukabadilika tabia. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers alianza kutunga mafumbo ya gazeti la The Observer, akijiita Torquemada, jina la yule mhojaji mkuu wa Hispania aliyeogopwa na watu. Mathers huyohuyo aliitafsiri Alfu Lela Ulela kwa Kiingereza kutoka Kifaransa. Vidokezo vyake vilikuwa vya ajabu, lakini mara nyingine msomaji alibaki hajui kama ameshindwa na akili au amedhulumiwa. Alipofariki mwaka 1939, kiti chake kilikaliwa na Derrick Macnutt, mwalimu wa Kilatini na Kigiriki, naye akajiita Ximenes kwa jina la mhojaji mwingine.

Lakini ninayempenda zaidi ni Alistair Ferguson Ritchie. Alichukua herufi za kwanza za majina yake mawili, akaongeza tatu za mwanzo wa jina la ukoo, akapata Afrit. Watu wa pwani hawahitaji kamusi hapo. Ni afriti wetu, jini mjanja wa hadithi za usiku. Afriti huyu ndiye aliyeleta sheria. Katika kitabu chake cha mwaka 1949 alieleza kwamba mtunzi ana ruhusa ya kutamka asichokusudia, ila anachokikusudia lazima kiwe kimeandikwa mle katika maneno yake. Hadaa inaruhusiwa, uongo hauruhusiwi. Ximenes aliishika sheria hiyo kwa ukali, na kwenye karatasi alizowachapishia washindani wake alichambua vidokezo walivyotunga wao wenyewe, neno kwa neno, akionyesha palipo haki na palipopinda.

Kwetu kufumba si kugeni. Tofauti iko katika kufumbua. Kitendawili hujibiwa kwa mapokeo: nyumba yangu haina mlango, ni yai, na anayebisha kwamba ni kaburi hupigwa na desturi, hapigwi na hoja. Akishindwa hutoa mji, mchezo ukaendelea. Mimi nililelewa katika mji huo wa kutoa miji, na naupenda. Hata hivyo nauonea wivu mchezo ambao mtoto anaweza kumwambia mzee, "Nionyeshe," na mzee akawajibika kuonyesha.

Hatukukosa wafafanuzi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yamejaa maneno yenye nyuso mbili. Tunayasoma leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kueleza yalisemwa juu ya nani na wakati gani, mpaka yakachapwa mwaka 1940. Bila Sikujua tungekuwa na sauti tamu, na nusu ya maana imezikwa. Nasikitika kwamba kazi ya namna hiyo tunaihesabu kuwa ya chini kuliko utunzi.

Je, vidokezo vya afriti vinaweza kutungwa kwa Kiswahili? Nimejaribu, na aliyenikamata ni ngeli. Chukueni neno mbuzi. Yupo wa zizini, na ipo ya jikoni. Niliandika kwa furaha: "Mnyama akunaye nazi." Usiku nikashindwa kulala. Mbuzi wa zizini ndiye huchukua a-, ile ya jikoni inakuna, haikuni kwa a-. Kiambishi kimoja kilikuwa kimesema uongo, na Afrit asingenisamehe. Mwingereza hana shida hii, maana kitenzi chake hakiulizi kama mtendaji ana roho. Kaa nalo lilinitesa vivyo hivyo: wa baharini anatembea, la moto linawaka. Paa wa mbugani anakimbia, la nyumba linavuja. Kila nilipotaka kuficha, upatanisho ulinifichua.

Siku ya tatu nikaona mlango. Kitenzi-jina hakina ngeli ya mtendaji, na yake ni yake, awe mnyama au kiwe chombo. Nikaandika upya: "Kula majani na kukuna nazi ni kazi yake." Herufi tano. Soma kwa zizi, sarufi imetimia. Soma kwa jiko, sarufi imetimia. Sijawahi kuandika sentensi fupi iliyonigharimu kiasi hicho, na sijutii hata saa moja.

Kabla hatujanywa chai, nawaachia kimoja cha herufi sita: "Vuruga samaki upate msimu wa mvua." Nitasimama pale mlangoni. Atakayeniletea jibu pamoja na maelezo yake, nitampa mkono. Atakayeleta jibu tupu, nitamwomba mji.