Chumba cha Dharura Kiwe Darasa la Mapema



Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilometa zipatazo 33 za kona na makorongo. Kutoka Mtae safari ni ndefu zaidi. Majeruhi, au mzazi anayetokwa damu, akifikishwa hospitali ya wilaya, mabingwa wa Bombo, Tanga, na wa KCMC, Moshi, wako mbali. Anayempokea aghalabu ni daktari kijana.

Je, kijana huyo alijifunza lini kuikabili dharura? Shahada ya udaktari nchini ni miaka mitano, ikifuatwa na mwaka mmoja wa utarajali. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura katika hospitali ya umma ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010 tu.

Wako wasemao kwamba mwanafunzi anayeanza mafunzo ya wodini atakuwa mzigo katika chumba cha dharura. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Asiachiwe mgonjwa, apangiwe zamu chini ya msimamizi, mara ajuapo kumhoji na kumpima mgonjwa. Humo atazoea utaratibu: kwanza njia ya hewa, pili pumzi, tatu damu, maelezo marefu baadaye. Kisha kila wodi atakayoipitia itaukomaza ujuzi huo. Akingoja utarajali, atajifunza siku ile ile anayotegemewa.

Samaki mkunje angali mbichi. Wapangao ratiba za vyuo na wakumbuke: mgonjwa wa Mtae hawezi kusubiri daktari akomae.