Jioni Msituni kwa Baiskeli

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, kikao cha alasiri)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu wake kwa waume, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa uchache wa viti:

Katika ajenda ya leo limo ombi la vijana kwamba Mfuko wetu utoe fungu la kununulia baiskeli nne za milimani pamoja na taa zake, ili yeyote katika ukoo apate kuazima na kufuatana na klabu ya jirani katika msafara wake wa jioni. Nimesikia minong'ono kwamba huo ni mchezo wa watoto, tena ni israfu. Mimi ni mtumishi wa serikali mstaafu, umri wangu ni miaka 66, na huu ni mwaka wa nne natoka na klabu hiyo kila Jumatano. Ndiyo maana Katibu ameniomba niseme niyajuayo kabla ya kura kupigwa.

Kwanza chombo chenyewe. Hii si ile Raleigh nyeusi tuliyoijua Tanga, iliyokuja kwa meli kutoka Uingereza ikabeba nazi, mkaa, na siku nyingine bibi harusi. Asili yake ni California, miaka ya 1970, ambako vijana wa Marin County walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi manene wakateremka nazo mlima Tamalpais. Mwaka 1976 walianzisha mashindano waliyoyaita Repack, kwa kuwa breki iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma ilishika moto hata grisi ikaungua, na ilibidi kuijaza upya baada ya mteremko. Ilipofika 1996 mchezo huo ulikuwa umekwisha kuingia Olimpiki kule Atlanta. Baiskeli ya leo ina tairi pana zenye meno, shokapu mbele, breki za diski, na gia nyepesi inayomwezesha hata mtu wa umri wangu kupanda kilima bila ya kushuka akasukuma.

Pili, mahali. Msitu wa Epping unaanzia kando ya mitaa mnayokaa wengi wenu, upande wa Manor Park na Forest Gate, ukapanda kaskazini kiasi cha kilomita 19 hadi kupita mji wa Epping. Una ukubwa wa hekta 2,400 hivi. Nilipokuwa nyumbani nilitumikia Idara ya Misitu, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa kidogo hapa. Miti mingi ya humo ina shina fupi nene, na kuanzia kimo cha mtu yamechipuka matawi makubwa kama vidole vya mkono uliofunuliwa. Si maumbile hayo. Ni kazi ya watu. Wanakijiji kwa karne nyingi walikuwa na haki ya kukata matawi kwa kuni, na waliyakata juu ili mifugo isile machipukizi. Wenye mashamba makubwa walipoanza kuuzungushia msitu ua, watu wa Loughton walikataa, na katika miaka ya 1860 baadhi yao walifungwa jela kwa ajili ya kuni hizo. Sheria ya mwaka 1878 ndiyo iliyomaliza ugomvi: msitu ukawekwa chini ya Halmashauri ya City of London, ubaki wazi kwa watu wote. Watu wote ni pamoja na sisi, ndugu zangu. Hilo halimo katika hati zetu za ukaazi, lakini limo katika sheria.

Nyote mnamkumbuka marehemu Ami, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliishi nchi hii miaka 31, maili mbili kutoka ukingo wa msitu huo, na hakuuingia hata siku moja. Alipostaafu, njia zake zilikuwa tatu: msikitini, hospitali, na dukani kwa mkate. Mara ya mwisho nilipomtembelea aliniuliza kama kweli kuna paa huko. Wapo, macho yao hung'aa katika taa zetu. Bundi nao wapo, na kwa hao mimi bado husoma dua yangu kimya kimya, Waingereza wakidhani napumua.

Sasa msafara wenyewe. Tunakutana saa moja jioni. Pwani kwetu saa hiyo jua limekwisha kutua mwaka mzima. Hapa mwezi wa Juni jua bado liko juu, nalo halitui hata saa tatu na dakika ishirini, hivyo tunamaliza na Magharibi haijaingia. Desemba jua hutua kabla ya saa kumi, Isha imekwisha kusaliwa, na tunaingia katika giza la kweli. Hapo kila mtu huwa na taa mbili mbele: moja kwenye usukani, ya kuonyesha njia, na moja kwenye kofia ya kinga, ifuatayo jicho. Nyuma taa nyekundu. Kiongozi hukagua breki, huuliza nani mgeni, kisha huteua mfunga msafara, ambaye haruhusiwi kumpita mtu yeyote kwa sababu yoyote. Katika kila njia panda walio mbele husimama. Na anapofika wa mwisho hawaondoki papo hapo, kama wafanyavyo watu wasio na adabu. Humwacha naye avute pumzi, kwani aliye nyuma ndiye mwenye haja zaidi ya kupumzika. Kwa muda mrefu wa mwisho nilikuwa mimi, na mfunga msafara wangu alikuwa bibi mmoja muuguzi mstaafu, ambaye hakuniambia "haraka" hata mara moja.

Mambo ya kujifunza si mengi. Katika mteremko unainua makalio kutoka kwenye kiti, pedali zote mbili zikiwa sawasawa, na unatazama unakokwenda, si gurudumu. Mizizi iliyolowa unaikata kwa mraba, wala hukamati breki juu yake. Ukikutana na farasi unapunguza mwendo na kusema kwa sauti, ili mnyama atambue kuwa taa hiyo ina binadamu. Sheria ya mwaka 1968 iliyoturuhusu kupita njia za farasi ilituagiza pia tuwapishe wapanda farasi na waendao kwa miguu. Ndani ya msitu, maboma ya kale ya Loughton Camp na Ambresbury Banks ni marufuku kwa baiskeli.

Watu huanguka, sitaficha. Mwenzetu mmoja alivunjika kifundo cha mkono mwaka jana. Na baada ya msafara wengi huingia baa. Wenye wasiwasi wajue kwamba mimi huagiza chai, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Ama kuhusu israfu: madaktari wa nchi hii huwahesabu wenye asili ya Afrika kuwa katika hatari ya kisukari cha aina ya pili tangu umri wa miaka 25, hali Wazungu huhesabiwa kuanzia 40. Wanataka tuutaabishe mwili dakika 150 kwa wiki. Jumatano moja ni dakika 120. Linganisheni na tulichotumia mwaka huu kwa makafani na usafirishaji wa maiti. Mweka Hazina anazo hesabu.

Nalikubali ombi la vijana, kwa rekebisho moja: kati ya baiskeli nne, moja iwe ya umeme, kwa ajili ya wenye magoti mabovu na kwa mama zetu wanaosita. Sheria hapa huihesabu kuwa baiskeli ya kawaida, madhali mota yake haizidi wati 250 na msaada wake unakatika kwenye mwendo wa maili 15.5 kwa saa. Akina mama wawili wamekwisha kuniandikishia majina.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naliweka rekebisho hilo mbele ya mkutano, na naomba wa kuniunga mkono.