Mbwa Asiye na Mwenyewe



Katika vijiji vya wakulima mbwa ni mlinzi. Ndiye abwekaye mwizi anapolikaribia zizi au ghala la mazao, ndiye awafukuzaye nyani shambani, na ndiye afuatanaye na watoto wapelekapo mbuzi malishoni. Hata hivyo, mlinzi huyu mara nyingi hana jina katika daftari lolote. Na siku amwumapo mtoto wa jirani, huonekana ghafula kuwa hana hata mwenyewe. Kila aulizwaye hujibu, "Huyo si wangu."

Jibu hilo huweza kugharimu maisha ya mtu. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Dalili zikisha kumtokea binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na takriban watu 99 katika kila 100 huambukizwa na mbwa. Watoto ndio waumwao zaidi, kwa kuwa ndio wachezao na mbwa.

Lakini kinga ipo, wala si ngeni. Mwaka 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa na mbwa, naye akaishi. Kwa hiyo aliyeumwa aoshwe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku ile ile kuuliza chanjo. Jeraha lisipakwe majivu, pilipili wala mafuta. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Iko pia kinga inayotangulia, nayo ni kumchanja mbwa mwenyewe. Kumchanja mbwa ni rahisi kuliko kumtibu binadamu, ambaye huhitaji sindano kadhaa na safari za kwenda na kurudi. Zipo jamaa zilizolazimika kuuza mifugo ili kulipia matibabu hayo.

Hapa ndipo jambo la mbwa linapokuwa jambo la ushirika. Wataalamu wanaelekeza kuwa katika kila mbwa 100 wa mahali, wachanjwe wasiopungua 70. Idadi hiyo ikitimia, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hukatika. Isipotimia, hata aliyemchanja mbwa wake hana amani, kwa maana mtoto wake bado aweza kuumwa njiani na mbwa wa mwingine. Tena kazi hii haimalizwi kwa siku moja: mbwa wazee hufa, wadogo huzaliwa, na kinga hupungua. Hapana budi irudiwe kila mwaka.

Kisiwa cha Pemba ni ushahidi. Kampeni za kuchanja mbwa zilianza huko mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekoma. Mwaka 2016 uliingizwa tena kutoka nje ya kisiwa na ukaenea. Mbwa wakachanjwa upya, na mwaka 2018 maambukizo yakakatika kwa mara ya pili.

Wapo wanaopendekeza mikutanoni kwamba mbwa wote wauawe kwa sumu. Pendekezo hilo huzaliwa na hofu, na hofu hiyo yaeleweka, lakini halifai. Sumu haichagui, huwaua pia waliokwisha kuchanjwa, ambao ndio ukuta wa kijiji. Mahali pao huchukuliwa upesi na mbwa wageni wasio na kinga, na watu huwaficha mbwa wao badala ya kuwaleta.

Chama cha Msingi kina nyenzo za kutosha kwa kazi hii. Kina daftari la wanachama: iongezwe safu ya idadi ya mbwa na paka wa kila nyumba, na tarehe ya chanjo. Kina siku ya malipo, ambapo watu wengi hukusanyika: siku hiyo itangazwe tarehe ambayo Bwana Mifugo atafika. Kina uwanja: mbwa waletwe hapo wakiwa wamefungwa kamba, kila mmoja na mtu mzima anayemjua. Watoto wa mbwa nao waletwe.

Kadhalika, mwenye mbwa ampe maji safi, chakula na kivuli. Mbwa mwenye njaa huzurura, na azururaye ndiye akutanaye na wagonjwa. Asitupiwe matumbo mabichi machinjioni, kwa kuwa humo mna minyoo iwezayo kurudi kwa watu. Wala mtu asifuge wengi kuliko awezao kuwalisha.

Katika mkutano ujao, yafaa Katibu amwulize kila mwanachama maswali mawili tu: ana mbwa wangapi, na walichanjwa lini? Majibu yaandikwe mbele ya wote. Mbwa aliyeandikwa hawezi tena kukanwa na mwenyewe.