Mchango wa Huruma Hauwezi Kuwa Fidia

(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Fundi aliyeajiriwa na parokia moja alianguka kutoka kwenye kenchi wakati wa kupaua zahanati. Akavunjika nyonga. Kamati ilipitisha kapu Jumapili mbili, ikampa na gunia la mahindi. Waumini walitoa kwa moyo. Mwezi wa tatu kapu halikupita tena, na nyonga ilikuwa haijaunga. Mkewe akaanza kuuza mbuzi.

Wengine walisema kosa ni lake, alipanda bila kujifunga kamba. Lakini kwa sheria ya Tanzania Bara mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Kinachotazamwa ni kama aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyounda Mfuko wa WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Mwajiri, awe kiwanda au parokia yenye mlinzi na muuguzi mmoja, hujisajili na kuchangia kila mwezi. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara; tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5. Parokia inayolipa mishahara ya shilingi 2,000,000 inachangia shilingi 10,000. Mfanyakazi hakatwi hata senti.

Akiumia, Mfuko hulipia matibabu. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa miezi isiyozidi 24. Yapo pia malipo ya ulemavu wa kudumu, na akifariki, wategemezi wake hupata pensheni.

Mwajiri hutoa taarifa ndani ya siku 7 tangu ajulishwe ajali. Hapa ndipo tunapokwama, maana katibu husubiri kikao, na kikao ni mwisho wa mwezi. Jamani, msisubiri kikao!

Wafadhili, nanyi nina neno. Nimeona bajeti ya mradi ikirudi, mstari wa michango ya mwajiri umefutwa kwa kalamu nyekundu, eti ni gharama za utawala. Saruji na mabati vimeachwa. Anayepandisha hayo mabati ndiye aliyefutwa.

Kamati ambayo haijajisajili iandike leo majina ya wafanyakazi wake wote, mlinzi wa usiku na dereva wa pikipiki wakiwamo. Karatasi ziko mezani pale nyuma.