Njia ya Mswada Hata Ukawa Sheria
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama tawini)



Wengi wameniuliza, barazani na dukani: ikiwa wajumbe wetu ni wachache, na kila kura zikihesabiwa sisi ndio tushindwao, kuna faida gani kuwapeleka katika Baraza? Suali hili ni la haki, na jawabu yake imo katika njia yenyewe ipitwayo na sheria.

Natutazame Uingereza, maana ndiko mabunge mengi yalikochukua desturi hii, na Baraza letu pia. Mswada husomwa mara ya kwanza, jina lake tu, bila ya mjadala. Mara ya pili hujadiliwa makusudio yake. Kisha huingia kamatini ukapekuliwa kifungu kwa kifungu. Na kwa rai yangu hapa ndipo penye kazi, ijapokuwa magazeti hupapita mbio. Neno "anaweza" likigeuzwa kuwa "ni lazima", sheria nzima imegeuka. Husomwa mara ya tatu, hupita kwa Malodi, kisha hupata idhini ya Mfalme, ambayo haijapata kukataliwa tangu 1708.

Sasa msikilizeni Samuel Plimsoll, muuza makaa ya mawe, mjumbe wa Derby tangu 1868. Zama hizo baadhi ya wenye meli wakizishehenesha kupita kiasi meli mbovu zilizokatiwa bima. Meli ikizama, tajiri hulipwa, na mabaharia ndio wamekwenda. Plimsoll alitaka kila meli ipigwe alama ubavuni, maji yasiipite. Mwaka 1874, chama chake kikiwa upinzani, mswada wake ulianguka kwa kura 3 tu. Mwaka 1875 Serikali ya Disraeli ilileta mswada wake yenyewe, kisha mwezi wa Julai ikatangaza kuwa inauacha. Plimsoll akaghadhibika mbele ya Baraza zima, akawaita baadhi ya wajumbe waovu, akatolewa nje. Baadaye aliomba radhi kwa matamshi yake, lakini mambo aliyoyasema hakuyafuta. Raia wakafanya mikutano nchini, na Serikali ile ile yenye kura nyingi ikalazimika kupitisha sheria ya muda mwaka ule ule, na ya kudumu mwaka 1876.

Wala msidhani yalikwisha. Sheria ya 1876 iliamrisha alama, lakini ikamwachia mwenye meli kuchagua pa kuipiga! Ni sawa na kumwachia mwenye duka atengeneze mawe ya mizani yake, na nasema hivyo nikiwa mwenye duka. Hata mwaka 1890 ndipo sheria ilipompokonya hiari hiyo. Miaka 14, kwa sababu ya kifungu kimoja.

Sisi tuvukao baina ya Unguja na Pemba, tuliowazika watu wa Spice Islander Septemba 2011, meli iliyopakia kupita kiasi, twaijua thamani ya kifungu kile.

Basi mjumbe wetu asiende kamatini mikono mitupu. Nahodha, mvuvi, kuli, mwenye duka, kila mmoja atazame kifungu kinachomgusa, amwandikie mjumbe wake mapema, kabla mswada haujasomwa mara ya pili. Asiyejua kuandika amwendee katibu wa tawi, ataandikiwa.

Sasa nasikiliza masuali yenu.